UZI: Chuo Unachokitaka au Chuo Unachokimudu? Hesabu Ambayo Hufanyiwi Kwenye Mdahalo

1/ Sheria za hapa mnazijua: simtaji mwanasiasa, sitaji chama, na ukija kwa maoni na rangi za chama chako nitakupita tu kama matatu iliyojaa. Leo tunaongea kuhusu karo ya chuo. Kampeni za 2027 zinanukia na kila mdahalo lazima huyu aseme "elimu ya juu kwa wote", yule ajibu "mfumo wenu umeua ndoto za watoto wetu". Makofi. Swali linalofuata. Na mzazi aliye nyumbani bado hajui atalipa shilingi ngapi.

2/ Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, mwaka wa tatu. Nilifanya KCSE 2022, kwa hivyo niko kwenye darasa la kwanza kabisa kuingia chuo chini ya mfumo mpya wa ufadhili. Sisi ndio tulijaribiwa dawa. Lakini uzi huu hautokani na mimi. Unatokana na mdogo wangu, aliyefanya KCSE 2024 akapata B ya kawaida, na mezani kwetu Malindi kukawa na karatasi tatu na wazazi wawili wasiosemezana. Nitarudi kwake.

3/ Kwanza historia, kwa sababu kwenye mdahalo kila mtu huanza hadithi pale inapompendeza.
Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyeitwa chuo cha umma kupitia serikali alilipa karo ya 16,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo namba wazazi wetu wanaikumbuka. Gharama halisi ilibebwa na serikali. Pembeni kulikuwa na wale wa "parallel", waliolipa karo yote wenyewe, na pesa zao ndizo zilizofanya vyuo vingi vionekane vina afya.

4/ Mambo mawili yakaharibika. Moja, serikali iliweka mpango wa kulipia kila kozi kulingana na gharama yake, ikilenga kubeba asilimia 80. Idadi ya wanafunzi ikapanda, pesa hazikupanda nao, asilimia ikashuka. Mbili, baada ya wizi wa mitihani kubanwa 2016, waliopata C+ na zaidi walipungua. Karibu wote wakapata nafasi ya serikali, na soko la parallel likakauka. Vyuo vikabaki na madeni ya mabilioni.
Kwa hivyo mtu akikuambia "zamani mambo yalikuwa sawa", muulize: sawa kwa nani, na nani alikuwa akilipa?

5/ Mei 2023 ukatangazwa mfumo mpya. Wazo lake kwa lugha ya nyumbani: serikali iache kukipa chuo pesa kwa jumla, badala yake pesa zimfuate mwanafunzi. Aliye na shida zaidi apate zaidi. Pesa zikawa mafungu matatu:
– ufadhili (hurudishi)
– mkopo wa HELB (unarudisha)
– mchango wa familia (unatoka mfukoni, leo)
Kwenye mdahalo mafungu haya huchanganywa makusudi. Mmoja anajumlisha ufadhili na mkopo anaita vyote "msaada wa serikali". Mwingine anajumlisha mkopo na mchango wa familia anaita vyote "mzigo kwa mzazi". Wote wana namba sahihi na wote wanakupotosha.

6/ 2023 tulipangwa makundi manne. Mimi niliwekwa kundi la "wahitaji": ufadhili 53, mkopo 40, familia 7. Asilimia saba inaonekana kitu kidogo, bana. Lakini karo yenyewe ilikuwa imeruka kutoka ile 16,000 ya enzi za wazazi hadi bei kamili ya kozi, na hela za kujikimu zilichelewa. Wiki tano za kwanza nililala kwenye godoro la rafiki, sakafuni. Sisemi hivi ili mnionee huruma. Nasema kwa sababu hiyo "familia 7" haikuwa na nauli ndani yake, wala chakula, wala kitanda.

7/ 2024 makundi yakawa bendi tano. Weka hii picha kwenye simu yako, itakusaidia kila mdahalo:
Bendi 1: ufadhili 70, mkopo 25, familia 5
Bendi 2: ufadhili 60, mkopo 30, familia 10
Bendi 3: ufadhili 50, mkopo 30, familia 20
Bendi 4: ufadhili 40, mkopo 30, familia 30
Bendi 5: ufadhili 30, mkopo 30, familia 40
Mipaka ya mapato ya nyumba kwa mwezi ilikuwa: hadi 5,995 bendi ya 1, hadi 23,670 bendi ya 2, hadi 70,000 bendi ya 3, hadi 120,000 bendi ya 4, na zaidi ya hapo bendi ya 5.

8/ Hebu tazama bendi ya 3 vizuri. Nyumba inayopata 25,000 na nyumba inayopata 69,000 ziko pamoja na zinalipa asilimia ileile. Babangu ni dereva wa lori. Mwezi mzuri yuko juu, mwezi lori likilala gereji hakuna kitu. Fomu inataka namba moja. Ukiandika mwezi mzuri unajiumiza, ukiandika mwezi mbaya unahisi unadanganya. Hapa ndipo mfumo unagusa watu wengi, si pale kwa maskini hohehahe na matajiri wanaotajwa kwenye mijadala. Ni hawa wa katikati, mama mboga mwenye kibanda na mwalimu mwenye mikopo mitatu.

9/ Sasa hesabu. Tuchukue kozi ya 200,000 kwa mwaka (ni mfano tu, kozi yako iangalie mwenyewe). Bendi ya 3:
Ufadhili: 100,000
Mkopo wa karo: 60,000
Familia: 40,000
Ongeza mkopo wa kujikimu, bendi hiyo ilitengewa 50,000 kwa mwaka.
Miaka minne: familia imetoa 160,000. Mwanafunzi anadaiwa 240,000 za karo na 200,000 za kujikimu. Jumla 440,000 kabla ya riba.
Huyo ni mtu wa miaka 22 au 23 anayetoka chuo na deni la karibu nusu milioni, na bado hajaandika barua ya kwanza ya kuomba kazi.

10/ Riba ya HELB kwa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, ambayo ni nafuu kushinda benki yoyote. Hilo tuseme ukweli. Lakini ukichelewa kulipa kuna faini ya 5,000 kila mwezi, na faini haikuulizi kama umepata kazi. Kwa hivyo swali la mdahalo lisiwe "mkopo ni mzuri au mbaya?" Liwe: "kijana asiye na kazi atalipaje, na faini itamfanya nini?"

11/ MTEGO MKUBWA, na huu umewanasa watu ninaowajua: chuo binafsi.
Chini ya mfumo mpya, ukienda chuo binafsi unaweza kuomba mkopo wa HELB lakini ufadhili wa serikali hupati. Sasa linganisha. Chuo cha umma kozi ni 200,000. Chuo binafsi kozi hiyohiyo ni 150,000. Mzazi anasema, "si hiki ni cha bei rahisi?"
Cha umma, bendi ya 3: familia inatoa 40,000.
Cha binafsi: ufadhili sifuri, tuseme mkopo umepata 50,000, familia inatoa 100,000.
Kile cha "bei rahisi" kinakula 60,000 zaidi kila mwaka. Kwa miaka minne ni 240,000. Bei iliyo kwenye bango si bei utakayolipa wewe. Kama utakumbuka kitu kimoja kwenye uzi huu, kiwe hiki.

12/ Sasa turudi mezani kwetu. Mdogo wangu tangu darasa la sita anataka uuguzi. Bibi yetu aliugua muda mrefu, yeye ndiye alikuwa akimgeuza kitandani. Karatasi tatu zilikuwa hizi:
A: chuo cha umma, mbali, kozi ya sayansi ambayo hakuiomba kwa moyo. Alama zake hazikutosha uuguzi pale kwa sababu ya ushindani.
B: chuo binafsi, shahada ya uuguzi, wamemkubali, wana hosteli nzuri na picha nzuri zaidi.
C: KMTC, stashahada ya uuguzi, miaka mitatu, karibu na nyumbani.

13/ Mzee alitaka B. Alikuwa tayari kuuza kiploti tulichonacho Marafa. Alisema, "Mtoto amepata B, aende koleji kama aliyeanguka?" Mamangu alitaka A kwa sababu ina ufadhili na ni "yunivasiti". Mdogo wangu hakusema kitu. Na mimi, msomi wa nyumba, nilikuwa nimemwambia miezi kadhaa nyuma, "Jaza ndoto yako, pesa zitapatikana." Hilo neno niliokota kwenye jukwaa la siasa bila kujua. Niliahidi kitu nisichokuwa nacho mfukoni, sawasawa na wale ninaowacheka hapa kila wiki.

14/ Kabla niwaambie tulifanya nini, tupitie kauli nne ambazo mtazisikia sana.

KAULI YA 1: "Katiba inasema elimu ni bure hadi chuo."
Hapana. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya elimu. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Neno "bure" liko kwa msingi. Kwa chuo kuna haki, lakini serikali inatakiwa kuitimiza hatua kwa hatua. Anayeahidi chuo bure anaahidi sera yake, hatekelezi kifungu. Si vibaya, lakini atuambie pesa zitatoka wapi.

15/ KAULI YA 2: "Mahakama ilishafuta huo mfumo."
Nusu kweli. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo ni kinyume cha katiba, pamoja na kwamba unabagua na wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo wakati rufaa inaendelea. Mzazi aliyesikia habari ya kwanza tu akaacha kujaza fomu ya ufadhili, amemuumiza mtoto wake kwa sababu ya kichwa cha habari. Kesi ikiwa kortini, wewe jaza fomu.

16/ KAULI YA 3: "Nitawapa basari."
Mnapenda hii, najua. Lakini angalia Jedwali la Nne la katiba. Kaunti zimepewa chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto. Chuo kikuu ni kazi ya serikali ya kitaifa. Ndiyo maana basari za kaunti kwa wanafunzi wa vyuo huleta mvutano kila mara kuhusu nani ana idhini ya kutumia hizo pesa. Na hata ikitoka, basari ni ya mwaka huu. Chuo ni miaka minne. Ukichagua chuo kwa sababu ya hundi moja iliyotolewa mbele ya kamera, mwaka wa pili utajipata ukipanga foleni ofisini kwa mheshimiwa na barua ya chifu mkononi. Chukua basari, lakini usiihesabu kwenye bajeti.

17/ KAULI YA 4: "Vijana waende vyuo vya kiufundi, degree zimejaa."
Hii inakera kwa sababu ndani yake kuna ukweli, ila wanaoisema mara nyingi watoto wao hawako huko. Ufundi ni njia nzuri ukiichagua. Ukisukumwa huko kwa sababu karo ya chuo imekushinda, hilo si ushauri wa taaluma, ni ubaguzi wa mfuko uliovikwa koti la ushauri. Akisema hivyo kwenye mdahalo muulize: vifaa vya karakana, walimu, na mafunzo kazini ameviwekea bajeti gani?

18/ Pia Julai 2025 serikali ilitangaza kupunguza karo za kozi katika vyuo vya umma. Mtu wa upande mmoja ataita ushindi, wa upande mwingine ataita kukiri makosa. Wewe mwanafunzi kazi yako ni moja: chukua ada mpya ya kozi YAKO, uirudishe kwenye hesabu ya namba 9. Na uulize chuo kitaziba vipi pengo hilo. Karo ikishuka na serikali isipoleta tofauti, mhadhiri atalipwa na nani? Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulichukua karibu wiki saba. Wiki saba za kulipia kodi ya nyumba bila kusoma ni gharama ambayo haiko kwenye bendi yoyote.

19/ Haya. Na je, "chuo kinachonifaa" ni nini hasa? Mezani kwetu nilitoa karatasi nikamwambia mdogo wangu tuandike anachokitaka, tena kwa ukweli. Tukapata orodha mbili.
Vitu vya kweli: kozi yenyewe, leseni inayotambuliwa, mafunzo hospitalini, kuweza kula na kulala bila wasiwasi, kumaliza.
Vitu vya watu: jina la chuo, Nairobi, picha ya kofia ya mahafali, marafiki watasema nini, mzee atasema nini kwa wenzake kwenye kituo cha malori.
Sikusema orodha ya pili haina maana. Ina maana. Lakini haistahili kiploti.

20/ Kisha tukauliza maswali haya, na wewe unaweza kuyaiba:
– Kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Na kama ni taaluma yenye leseni (uuguzi, sheria, uhandisi), bodi ya taaluma inaitambua hapo chuoni?
– Familia itatoa ngapi kwa MIAKA YOTE, si muhula wa kwanza?
– Chumba, chakula na nauli ni ngapi, na zikichelewa wiki tano nitaishi vipi?
– Deni langu litakuwa ngapi siku ya mwisho?
– Nikikosa karo mwaka wa tatu, nitatoka na nini mkononi?
Hilo la mwisho ndilo lilimnyamazisha mzee. Mwaka wa tatu ukikatika kwa B, mtoto hana shahada na sisi hatuna kiploti.

21/ Bendi pia inaweza kukatiwa rufaa. Ukiona umewekwa pasipo pako, usilalamike tu huku mtandaoni. Kusanya ushahidi: mzazi aliyefariki, ulemavu, ndugu wengine walio shuleni, kazi iliyopotea. Peleka rufaa mapema. Mimi niliipeleka yangu baada ya muda, kwa sababu nilikuwa bize kutoa maoni kuhusu mfumo badala ya kuusoma.

22/ Alichagua C. KMTC. Karo ilikuwa chini ya nusu ya ile ya chuo binafsi, miaka ni mitatu, analala nyumbani, na anasoma kitu alichokitaka tangu darasa la sita. Akimaliza na kupata leseni anaweza kufanya kazi, kisha akaendelea hadi shahada. Kwa hesabu zetu, A ilikuwa na pesa lakini haikuwa na uuguzi. B ilikuwa na uuguzi lakini haikuwa na pesa. C ilikuwa na vyote viwili, ila haikuwa na jina.

23/ Sitawadanganya kwamba yote yaliisha kwa kicheko. Siku ya kuripoti alivaa vizuri, akabeba ndoo na godoro jembamba la mazoezi, na kwenye tuktuk akaniambia, "Dada, wenzangu wote wameposti picha za yunivasiti." Sikuwa na jibu. Mzee bado akiulizwa husema "anasomea udaktari kidogo". Lakini wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia usiku kunieleza jinsi alivyompima mgonjwa presha kwa mara ya kwanza, akaongea dakika arobaini, hadi simu ikaisha chaji.

24/ Ninachowaomba ninyi mnaofuatilia siasa ni hiki. Nyumba yetu haikupaswa kuchagua hivi. Msichana mwenye B na wito wa uuguzi alipaswa kuchagua kati ya shahada na stashahada kwa kuangalia masomo, si kwa kuangalia kiploti. Hilo ni swali la kisiasa. Lakini fomu zina tarehe ya mwisho na mdahalo hauna. Kwa hivyo fanya hesabu yako kwanza, halafu njoo tugombane.

25/ Mgombea yeyote akigusa karo ya chuo, muulize matatu haya na usimwache aondoke:
Moja: katika kila shilingi 100 za kozi, ngapi ni ufadhili, ngapi mkopo, ngapi mzazi?
Mbili: mwenye mapato yasiyotabirika utampima vipi?
Tatu: pesa zitafika chuoni tarehe gani?
La tatu ndilo gumu kuliko yote. Waulize walio kwenye darasa letu.

Wiki ijayo: deni la taifa, na kwa nini kila upande huanza kuhesabu kutoka mwaka tofauti. Kama una mdogo wako anayejaza fomu za KUCCPS mwaka huu, mtumie namba 11 na namba 20 kabla hujampa ushauri wowote. Usimwambie "pesa zitapatikana." Mimi nilishasema.